Muulize Mwalimu: Mdahalo Darasani, Maksi Unazipaje?

Mwezi huu meseji nyingi zilizoingia zimelalia upande mmoja, mdahalo. Walimu wanauliza, wazazi wanauliza, hadi wanafunzi wenyewe. Nadhani ni kwa sababu ya huu mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika kwa awamu tangu Januari 2024, unataka mtoto aonyeshe anachoweza kufanya sio alichokremu tu, kwahiyo kuongea na kushirikiana vimekuwa vitu vya kupimwa na wengi hatukufundishwa kuvipima. Nimechagua maswali matano. La kwanza nitakaa nalo sana.

Shikamoo mwalimu. Mimi nafundisha Kiswahili huku Newala, nina mwaka wa pili kazini, darasa langu ni kidato cha pili wanafunzi 64. Juzi niliendesha mdahalo, mada ilikuwa mkulima wa korosho anafaidika zaidi na stakabadhi ghalani, yaani korosho ikusanywe ghalani iuzwe kwa mnada, kuliko kuuza mwenyewe kwa mnunuzi anayepita nyumbani. Darasa lilichangamka mpaka walimu wa jirani wakaja kuchungulia dirishani, ila kwenye kujaza maksi nikakwama. Walioongea walikuwa 9 tu, hao nikawapa kuanzia 15 kwa 20, waliobaki wote nikawapa 10. Sasa kuna binti kaja ofisini analia, anasema hoja iliyopigiwa makofi kuliko zote aliiandika yeye, mwenzake kaisoma tu akapata 18 na yeye kapata 10. Nifanyeje? Na huo ushirikiano wa kikundi unapimwaje wakati hauonekani kwa macho? – Mwalimu, Newala

Marahaba mwanangu. Huyo binti usimwache hivi hivi. Muite yeye na mwenzake pamoja, sio kwa ukali, waulize hoja ilianzia wapi, na ile karatasi kama bado ipo iangalie, mwandiko utaongea. Ukishaona ukweli badilisha maksi na uwaambie darasa kwamba umebadilisha na kwa nini. Mwalimu kurekebisha maksi mbele ya watoto haivunji heshima yake, mimi nimelifanya hilo na watoto waliniamini zaidi kuliko kabla.

Na nilikuwa na kosa kubwa kuliko lako. Nilipokuwa nafundisha Masasi nilikuwa na kijana mmoja ana sauti ya mpiga mbiu, akisimama tu darasa linatulia, mkono mmoja nyuma mwingine hewani, "Mheshimiwa mwenyekiti, mtunza muda makini, wasikilizaji wangu watukufu…", na mimi nilikuwa nampa 18, 19, kila mara. Siku moja nikaurekodi mdahalo kwa simu, usiku nikausikiliza nyumbani peke yangu umeme umekatika, sioni uso wake wala mikono yake, nasikia maneno tu. Dakika zake zote nne alikuwa anarudia hoja moja kwa maneno tofauti, na upande wa pili walimuuliza maswali mawili hakujibu hata moja. Aliyekuja kuyajibu alikuwa binti wa kikundi chake, ana kasauti kadogo mpaka kwenye simu ilibidi niweke sikioni, na nilimpa 11. Nilishindwa kulala vizuri siku ile. Miaka ya baadaye nikasoma kwamba msaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, aliliandika jambo hili mwaka 1920 baada ya kuangalia maafisa wa jeshi wanavyowapima askari wao, akaona askari akimpendeza ofisa kwenye kitu kimoja, labda umbo lake, basi anapewa alama nzuri na kwenye akili na uongozi na tabia, vitu ambavyo havihusiani na umbo. Ndo kilichonipata mimi na ile sauti.

Kwahiyo ninachokuomba ushike ni hiki, maksi iandikwe kwa kitu ulichokiona au ulichokisikia, na cha kwanza kukitafuta kwa mwanafunzi kiwe masikio yake, mdomo baadae. Mtoto anayejibu kile mwenzake alichosema amesikiliza, amekielewa, na amefikiri papo hapo. Anayesoma alichoandika jana bila kujali kilichosemwa leo, hiyo ni hotuba, inaweza kuwa hotuba nzuri lakini sio mdahalo.

Sasa tuje kwenye idadi maana ndo inayotuua. Watoto 64 huwezi kuwapima siku moja, hata kila mtu akiongea dakika moja tu ni dakika 64 na vipindi viwili vya pamoja ni dakika 80, utakuwa unaandika namba kama mtu anayehesabu magunia. Gawa vikundi vya watu sita sita. Kila wiki simamisha vikundi viwili, watu 12, kila mmoja dakika 3, hizo ni dakika 36, katikati unaweka mapumziko ya dakika 5, na muda unaobaki ni wa maswali ya darasa na wewe kuwaambia ulichokiona. Ndani ya wiki sita umewamaliza wote, vikundi havigawanyiki sawasawa kwahiyo kimoja au viwili vitakuwa na watu watano, sio shida. Waliokaa wasikae bure, kila mmoja aandike hoja moja aliyoisikia kutoka kila upande na swali moja. Daftari hizo ukizipitia utajua nani alikuwa anasikiliza na nani alikuwa anachora mpira.

Kwenye maksi 20 mimi natenga 12 za kuongea na 8 za ushirikiano. Zile 12 ziko hivi, 3 za kusikika na kueleweka, 5 za hoja yenye sababu na mfano, 4 za kujibu. Ona nimeweka sauti na mkao mwisho kabisa kwa uzito, na hiyo ya kueleweka usiipunguze kwa sababu ya lafudhi. Mtoto aliyekulia Kimakonde au Kimwera nyumbani akisema "balabala" na darasa zima limeelewa ni barabara, ameeleweka, mpe 3 zake. Matamshi utayafundisha siku nyingine kwenye kipindi cha matamshi.

Hoja yenye mfano nayo nikueleze kwa mada yako mwenyewe. Mtoto akisema "stakabadhi ghalani ni nzuri kwa sababu inamsaidia mkulima", hapo hajasema kitu, mpe 1. Mwingine akasema mfumo huu ulianza huku kwetu msimu wa 2007/2008, korosho inakusanywa kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inapelekwa ghalani inauzwa kwa mnada, na mkulima akiona bei haimlipi anaweza kukataa, akatoa mfano wa mwaka 2018 wakulima walipogoma kuuza mnadani mpaka serikali ikaamua kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, huyo ana sababu, ana mwaka, ana namba, mpe 4 au 5. Alafu anasimama binti wa upande wa pili anasema, "Hiyo bei ya 3,300 iliwekwa na serikali, haikuwekwa na ghala. Sasa niambie ghala lenyewe limemsaidia nini baba yangu aliyekuwa anasubiri hela mwezi mzima wakati ada inadaiwa." Mwanangu, hapo weka kalamu chini kwanza, alafu andika 4 kwa 4 kwenye kujibu. Amechukua mfano wa mwenzake akaugeuza, na hajatukana mtu.

Kuna kigezo utakikuta kwenye makaratasi mengi, kumtazama msikilizaji machoni. Hiki mimi nakitumia kwa tahadhari kubwa. Watoto wetu wengi, hasa mabinti, wamelelewa kwamba kumkazia macho mtu mzima ni utovu wa adabu, wakifundwa wanaambiwa hivyo hivyo, sasa mwalimu unakaa mbele katikati alafu unamkata maksi kwa kutokukutazama. Hamia kaa nyuma kabisa ya darasa. Akisimama anawaona wenzake, macho yatanyanyuka yenyewe, na faida nyingine ni kwamba wewe ukiwa nyuma utajua kweli kama anasikika.

Ushirikiano unaonekana, ila sio wakati wa kuongea, unaonekana kwenye zile dakika 5 za katikati na kwenye siku za maandalizi. Simama karibu na kikundi, usiseme kitu. Kwenye daftari lako chora duara, andika majina sita kuzunguka, kila mtu akimwongelesha mwenzake chora mstari kutoka kwake kwenda kwa huyo. Baada ya dakika 5 utaona mwenyewe, kuna vikundi mistari yote inatoka kwa mtu mmoja kama miale ya jua, huyo anaamrisha, na kuna vikundi mistari imepishana kama wavu. Angalia nani ameshika kalamu, nani kasema "na wewe unaonaje", nani kampa mwenzake hoja yake mwenyewe kwa sababu zamu yake imeshapita. Niliwahi kuona mvulana amechana kipande cha daftari, kaandika mistari miwili, kakikunja, akakipitisha chini ya dawati mpaka kwa msemaji wa mwisho, yeye mwenyewe zamu yake ilishaisha na hakuwa na maksi ya kuongea ya kuitafuta tena. Kile kipande ningekuwa naangalia waliosimama tu nisingekiona. Hicho ndicho alichokifanya binti wako, na ndio maana nakwambia anadai haki yake.

Zile 8 basi nazigawa, 5 ni za kila mtu peke yake kwa hayo niliyoyaona, na 3 ni za kikundi kizima. Hizo 3 nazipata hivi, mdahalo ukiisha nachagua mtu mmoja yeyote, tena nachagua yule mkimya, namwambia nielezee hoja ya mwenzako fulani na kwa nini mliiweka. Akiweza, kikundi kilikaa pamoja wakaelewana, wote wanapata 3. Asipoweza inamaanisha waligawana karatasi kila mtu akaenda kwao. Waambie mapema kwamba utafanya hivyo, utaona wiki inayofuata wanavyofundishana wenyewe chini ya mwembe.

La mwisho kwako, upande ulioshinda kwa kura au makofi usiuongezee maksi. Mara nyingi upande unashinda kwa sababu darasa lilishaamua kabla, na kwenye mada ya korosho huku Newala kila mtoto amekuja na msimamo wa nyumbani kwao.

Habari mwalimu. Mimi ni mzazi, niko Lindi mjini. Mwanangu wa kiume ana kigugumizi tangu mdogo. Darasani anafanya vizuri sana kwenye maandishi ila kwenye mdahalo kapata 4 kwa 20 na kengele ya muda ilimkata katikati, wenzake wakacheka. Sasa hataki kwenda shule siku ya Ijumaa. Niende nikaombe asishirikishwe? – Mama, Lindi

Salama mama, pole sana, hiyo Ijumaa inaumiza. Nenda shuleni lakini usiombe aondolewe. Ukimwondoa utakuwa umemwambia mtoto kwamba kweli hana cha kusema mbele za watu, na anacho. Omba vitu vitatu. Muda wake uongezwe, kengele isimhusu, maana yeye dakika 3 anapata maneno ya dakika moja na nusu, hiyo sio haki kwa mtu yeyote. Pili, mtu asimmalizie sentensi wala kumwambia "tulia, vuta pumzi, polepole", watu wanasema hivyo kwa mapenzi lakini inamzidishia presha, wasubiri tu kwa utulivu. Tatu, mwalimu aongee na darasa kuhusu kucheka, siku ambayo mwanao hayupo, bila kumtaja.

Na kwenye maksi, kigugumizi hakipimwi. Anachopimwa ni kama alichosema kina sababu na kama amejibu. Kama mwalimu anataka aanze kidogo kidogo, aanze kwenye meza ya watu sita kabla ya kusimama mbele ya wote, na hapo hapo mwalimu asikilize na ampe maksi za kweli sio za huruma. Watoto wanazijua za huruma.

Mwl shkamoo, nipo kidato cha tatu huku Nachingwea. Grupu letu tupo sita ila mdahalo nimeandaa mwenyewe kila kitu, wawili hawakuja hata siku moja, wengine wanasema we ndo kichwa tuandikie. Maksi za grupu tumepata sawa. Nisemeje bila kuonekana msnichi? – Mwanafunzi

Marahaba mjukuu wangu. Kwanza hao wawili waulize walikuwa wapi. Msimu wa kuokota korosho watoto wengi wanabaki shambani na wazazi, wengine wanalea wadogo zao, sio kila asiyekuja ni mvivu, na kuna wakati mtu angeweza kuchangia kama kazi angepelekewa nyumbani. Ukishawauliza utajua.

Ila nikwambie ukweli na wewe, ulivyokubali kuandika vyote umewasaidia kukaa. Mara nyingine kabla hamjaanza gaweni kazi vipande, na kila kipande kiwe kwa mtu mmoja tu. Mmoja aende AMCOS kuuliza mnada unaendaje, mwingine akamhoji babu yake enzi za zamani waliuzaje, mwingine ashughulikie usafirishaji na bandari ya Mtwara, mwingine apitie hoja za upande wa pili na namna ya kuzijibu. Hakuna anayemwandikia mwenzake, na siku ya kukutana kila mtu anawafundisha wengine kipande chake. Huko Marekani, mji wa Austin jimbo la Texas, mwaka 1971 Elliot Aronson na wenzake walitumia mpango wa namna hii kwenye shule ambazo watoto weusi na weupe ndo kwanza walikuwa wamechanganywa darasa moja na hawaelewani, wakafanya kila mtoto awe na kipande ambacho wenzake hawawezi kumaliza kazi bila hicho. Mtoto aliyekuwa anadharauliwa ikabidi asikilizwe.

Na kumwambia mwalimu sio usnichi. Mpelekee daftari lenye tarehe na majina ya nani alifanya nini, usilalamike, mwombe tu ajue mlivyogawana.

Mwalimu, sisi huku Mikindani mdahalo wa shule lazima uwe kwa Kiingereza. Wanafunzi wenye hoja wananyamaza, wenye ung'eng'e wanashinda. Nimpe maksi nani? – Mwalimu wa sekondari

Mpe mwenye hoja, na ung'eng'e uwe na maksi zake ndogo pembeni. Hata kwenye mashindano ya dunia ya midahalo ya shule, yaliyoanza mwaka 1988 kule Australia, hotuba ya mzungumzaji ina alama 100, 40 za maudhui, 40 za namna ya kuongea na 20 za mkakati, yaani kuongea vizuri hakufikii nusu. Kwa watoto wetu ambao Kiingereza ni lugha ya tatu baada ya Kimakonde au Kiyao na Kiswahili mimi ningeshusha hiyo 40 iwe hata 20. Waruhusu wajiandae kwa Kiswahili, wagombane kwa Kiswahili mpaka hoja ikae sawa, alafu wote sita watafute maneno yake ya Kiingereza pamoja. Siku ya kusimama mtu akikwama neno moja aliseme kwa Kiswahili aendelee. Ukimkatiza kwa neno moja, hoja yote inamtoka kichwani na wiki ijayo hanyanyui mkono.

Je ni sawa wanafunzi kupeana maksi wenyewe? – Ruangwa

Kupeana namba hapana, wataangalia urafiki na waliogombana juzi watalipiziana. Waambie kila mmoja aandike sentensi moja kwa kila mwanakikundi, kitu alichokifanya kweli: "alinikumbusha mwaka niliousahau", "alimtuliza fulani alipokasirika", "alikuja mara moja tu". Karatasi wakuletee wewe mkononi, zisisomwe mbele ya darasa. Nilizokusanya Masasi, jina moja lilikuwa linarudi kwenye karatasi za watu wanne kati ya watano, wote wameandika kwamba alibaki nao jioni akawaeleza upya hoja ya kwanza, na mimi kwenye daftari langu mbele ya jina hilo sikuwa nimeandika kitu.